Darasa la jioni la Kiingereza kwa watu wazima: mwalimu bora, mapokezi mabaya

Mimi ni msimamizi wa mafundi ujenzi. Kazini nikisema zege limwagwe, linamwagwa. Mtu aliyezoea kusikilizwa hivyo akikaa darasani, akakosa maneno ya kueleza hata kazi yake mbele ya vijana wa rika la wanawe, huumia sana. Wengi huacha kwa sababu hiyo, si kwa ugumu wa sarufi.

Mwalimu wetu analijua hilo. Hamtaji mtu jina ghafla ili ajibu. Anauliza swali, tunazungumza kwanza wawili wawili kwa sauti ya chini, kisha aliye tayari anasema mbele ya wote. Ukikosea hakukatizi. Anakungoja umalize, anajibu hoja yako kama watu wanavyozungumza, na katika jibu lake unaisikia sentensi yako ikiwa imenyooshwa. Mama mmoja muuza vitambaa alikaa muda mrefu akisikiliza na kuandika tu, wala hakusumbuliwa. Alipoamua kuzungumza, alieleza namna ya kumtambua mteja asiyekuja kununua, na darasa zima likataka kujua zaidi.

Jioni moja mwalimu alitusomea kauli kutoka kwenye dodoso la mtafiti wa ujifunzaji lugha, Elaine Horwitz, na wenzake, la mwaka 1986. Lina kauli 33 za kupima hofu ya mwanafunzi katika darasa la lugha ya kigeni: kuogopa kuzungumza, kuogopa mtihani, kuogopa wenzake watamwonaje. Kila kauli iliyosomwa, kuna mtu aliyeitikia kwa kichwa, wakiwemo wale niliowadhania wajasiri. Somo hilo peke yake lilinifaa kuliko kurasa nyingi za kitabu, ambacho ni cha kawaida tu.

Lawama yangu ni kwa ofisi. Siku ya kwanza tulipewa mtihani wa kupanga viwango, tukasoma kwa sauti huku tukipimwa muda, na matokeo yakabandikwa ukutani na majina yetu. Kuna waliosoma ubao ule wakaondoka, na sikuwaona tena. Mwalimu kama huyu hawakupata hata nafasi ya kumfahamu! Ofisi iache jambo hilo mara moja.

Ukienda kujiandikisha, omba upimwe faragha. Mwenzangu mmoja aliomba, akakubaliwa. Na uliza kundi la jioni. La asubuhi lina mwalimu mwingine, ambaye siwezi kumsemea.