Njia za kuingia Usenet kusoma mambo ya baiskeli, nimezijaribu zote hizi

Mambo vipi wadau, karibuni tena hapa kijiweni Ngarenaro, Arusha, mnisamehe kwa makelele, barabara iko hapo nyuma yangu. Leo sichambui gia wala breki. Wengi mmeniuliza maujanja ya kufunga spoki nayatoa wapi, basi jibu ni kundi moja la Usenet, mtandao wa zamani wa makundi ya mijadala ya maandishi, linaitwa rec.bicycles.tech, na leo nalinganisha njia za kulifikia manake hazilingani kabisa.

Kwa ambao hamjawahi kuisikia, Usenet ilianza 1980 kule Marekani, iliasisiwa na wanafunzi wa chuo kikuu cha Duke, kabla hata ya wavuti, na haina mwenyewe, yaani unaposti kwenye seva moja, seva zinapeana zenyewe kwa zenyewe mpaka posti inazunguka dunia. Kwa hiyo pitia mlango wowote, kundi ni lile lile.

Mlango wa kwanza ni Google Groups, tovuti ya Google ya makundi ya mijadala. Unafungua kwenye simu tu, huinstoo kitu. Ila tangu tarehe 22 Februari 2024 huwezi kuposti Usenet kupitia pale wala huoni posti mpya, walisema spamu imezidi. Lakini jamani msiidharau, za zamani bado zipo na ndo dhahabu yenyewe. Nina mteja analeta maziwa mjini kila asubuhi kwa baiskeli, spoki za nyuma upande wa gia zilikuwa zinakatika pale pale kwenye kona inapoingia kwenye habu, nabadilisha leo, wiki mbili mbele hiyo hapo imekatika nyingine, mpaka nikawa naona aibu kupokea hela yake. Nikasachi posti za zamani, sachi yake inachosha kweli lakini nikavumilia, nikakuta maelezo ya Jobst Brandt, yule injinia aliyeandika humo miaka na miaka. Anasema chuma kinachoka taratibu pale kwenye kona kwa sababu kimebaki na mkazo tangu kilipokunjwa, na dawa yake nitawaonesha mwishoni.

Mlango wa pili ndo ninaoutumia kila siku, Thunderbird, programu ya kusomea email, kwenye laptopu pamoja na seva ya bure inaitwa Eternal September. Jina limetokana na Septemba ya 1993, zamani kila Septemba wanafunzi wapya wa vyuo walikuwa wanaingia hawajui adabu za Usenet, wakishazoea kunatulia, mwaka huo wageni hawakuisha tena. Unajisajili, unapewa pasiwedi, kwenye Thunderbird unafungua akaunti mpya ya newsgroup, yaani kundi la Usenet, seva unaandika news.eternal-september.org, poti 563 ili mawasiliano yafichwe. Halafu sikilizeni hapa, ile email utakayojaza hapo kwenye Thunderbird, ukiposti itaonekana na kila mtu duniani, wekeni ya pembeni, msiweke ya biashara.

Nilichoipendea ni bando. Ni maandishi matupu, hakuna picha wala matangazo, na ukifungua kundi kubwa inakuuliza ushushe vichwa vyote vya posti au 500 tu, mi nachukua 500. Ukiiset ihifadhi posti, unazishusha ukiwa na mtandao, jioni unasoma umezima data, na uzi wote umepangwa nani kamjibu nani, hata mabishano ya watu sitini unayafuata bila kupotea. Ila kwenye simu hapana, Thunderbird ya Android haisomi newsgroup.

Ya tatu ni slrn, programu ya kusomea Usenet, hii ni ya wenye Linux, skrini nyeusi, unasoma kwa kubonyeza spesi. Laptopu ya mtumba iliyochoka inaiendesha bila shida, na unaweza kumpa mtu maksi za chini ukawa humuoni tena, kitu kizuri sana kwa wanaoleta siasa kwenye mambo ya baiskeli. Lakini kuiset ni kuandika faili kwa mkono, kama hujazoea hayo anza na Thunderbird.

Haya, ngoja nigeuze kamera kwenye ringi niwaoneshe ile dawa ya Brandt. Nimeshakaza spoki zote, sasa nashika hizi mbili zinazokwenda sambamba, nazibana pamoja kwa nguvu, mmesikia huo mlio? Nahamia mbili zinazofuata, hivyo hivyo mpaka nizunguke ringi nzima. Ya yule wa maziwa niliifanya hivi mwezi wa tatu, mpaka leo haijakatika hata moja.