Kiungulia: dawa ipi ulipie dukani

Ukiingia duka la dawa ukasema "kiungulia", kuna uwezekano mkubwa utapewa omeprazoli ya miligramu 20 kabla hujamaliza kueleza. Sibishani na muuzaji. Kwa anayeungulia siku mbili au zaidi kwa wiki, nami naiweka ya kwanza, kwa sababu inazima pampu zenyewe zinazotoa asidi tumboni. Ila haizimi moto wa sasa hivi. Huchukua siku moja hadi nne kukolea. Tena wengi huimeza wakiwa wameshashiba, kisha wanalalamika dawa ni feki. Imeze asubuhi, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai, bila kuitafuna: punje za ndani ya kapsuli zimevishwa ganda ili asidi isiziharibu njiani.

Esomeprazoli ni omeprazoli ileile, ila ni umbo moja tu kati ya mawili yaliyomo ndani yake, kwa bei ya juu zaidi. Kwa kiungulia cha kawaida siilipii. Pantoprazoli ina wateja wake: anayemeza klopidogreli, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa ajili ya moyo amuulize daktari kuhusu hiyo, maana hizo mbili nyingine huipunguzia klopidogreli nguvu.

Ya pili ni famotidini, kwa anayesumbuliwa mara mojamoja, hasa usiku. Ndani ya saa moja unasikia nafuu. Ukipewa ranitidini badala yake, kataa. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaomba watengenezaji waiondoe sokoni Aprili 2020 kwa sababu ya NDMA, kemikali inayohofiwa kuleta saratani.

Vile vidonge vyeupe vya magnesiamu vya kutafuna, vyenye ladha ya chaki, naviweka mwisho. Vinatuliza kwa dakika chache, lakini havikai. Magnesiamu huharisha, aluminiamu inayochanganywa kwenye baadhi ya vidonge hivyo hufunga choo, na unga wa kutoa povu una sodiamu nyingi, kwa hiyo wenye presha wauache. Anayetumia ARV yenye dolutegraviri aimeze saa 2 kabla ya dawa hizi za kutafuna, au saa 6 baada yake.

Turudi kwenye omeprazoli, maana ndiyo inayozoeleka vibaya. Kichwa kuuma, gesi, kichefuchefu na kuharisha hutokea, na kwa kawaida huisha. Ukiimeza mwaka na zaidi, vitamini B12 na magnesiamu mwilini zinaweza kushuka, na mifupa kuwa rahisi kuvunjika. Ukiiacha ghafla baada ya miezi mingi, asidi hurudi kwa fujo kwa muda, mtu akadhani hawezi kuishi bila dawa. Bila daktari, usivuke siku 14.

Choo cheusi kama lami, kutapika damu, chakula kukwama kooni au kukonda bila sababu: nenda hospitali, achana na duka. Na kama vidonda vya tumbo vimeletwa na bakteria wa H. pylori, omeprazoli peke yake haivimalizi. Lazima iende pamoja na antibiotiki. Ukitaka kupima choo kutafuta bakteria huyo, acha omeprazoli wiki mbili kabla, la sivyo kipimo kinaweza kusema huna wakati unaye.