Bia ya ukungu ya Krismasi pale Nyali: niliuliza umri wake tu

Hasira hii ninayo tangu wiki ya Krismasi. Kila nikidhani imeniisha, naliona lile kopo juu ya friji yangu naanza upya.

Baa yenyewe siitaji. Iko upande wa Nyali, na Desemba hujaa watu wa bara hadi kiti unakipata kwa kumkodolea macho aliyekikalia. Nilimpeleka shemeji yangu, ndugu ya mke wangu anayeishi Boston, aliyekuja kuikimbia theluji. Alipoona kwenye menyu kuna bia ya msimu, ile ya ukungu, isiyopenya mwanga kwenye glasi, wanayoiita hezi, alifurahi kama mtoto aliyeona bembea za Idi. Kopo limechorwa theluji na dubu aliyevaa skafu. Sisi tunaolitazama, mashati yametuganda mgongoni.

"Mwaitaka moto ama baridi?" kijana akauliza.

Hapo ndipo ningejua. Shemeji akajibu baridi, upesi upesi. Kijana hakwenda kwenye friji. Alinyoosha mkono rafuni, yalikopangwa makopo kama mapambo kando ya mti wa plastiki wenye taa, akatuletea moja pamoja na glasi ya barafu. Barafu! Kwenye bia!

Njia nzima kutoka Kisauni shemeji alikuwa amenisifia rangi ya bia za aina hii: kama maji ya embe, alisema. Iliyomiminika ilikuwa rangi ya chai ya maziwa iliyolala. Nikaonja. Boksi. Boksi la viatu lililonyeshewa mvua, kisha utamu fulani wa kuchosha ulioganda kooni. Shemeji alinusa tu akaweka glasi chini. Akanieleza kwamba ule ukungu ni wa oti na ngano na hopsi nyingi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, na kwamba hopsi hizo hutiwa mwishoni ili zilete harufu badala ya uchungu. Harufu hiyo ndiyo inayokufa kwanza. Joto na hewa vikiifikia, bia hugeuka rangi na kunuka karatasi. Basi si bia ya kupambia rafu, na Mombasa hii ndiyo kabisa.

Nikamwita kijana kwa adabu zangu zote. "Mwanangu, hii ina muda gani hapa?"

"Mzee, ndivyo ilivyo. Ina ukungu."

"Ukungu nauona. Nauliza umri."

Akamwita mkubwa wake wa kaunta. Huyo hata glasi hakuitazama, alitazama kandambili zangu. "Mzee, hii ni bia ya wanaozijua. Kama hujazoea, ziko za kawaida."

Wanaozijua! Ananiambia mimi, mjukuu wa mgema wa Rabai! Pombe yenye ukungu nimeiona kabla yeye hajazaliwa. Babu alipanda minazi asubuhi na jioni. Mnazi, pombe yenyewe, wa asubuhi ni mtamu, jioni unauma ulimi, kesho yake umekuwa mkali, na ukiuacha zaidi unapata siki ya kutilia samaki. Ndiyo maana mangweni, kwenye vilabu vya mnazi, hata mlevi aliyeshindikana huuliza kwanza umegemwa lini, na hujibiwa bila kutazamwa miguu. Sasa mimi nalipa pesa ya chakula cha jioni cha watu wanne kwa kopo moja, halafu swali hilohilo linakuwa ushamba?

Nikaligeuza kopo. Chini limepigwa tarehe: mwezi wa sita. Bia ya Krismasi imetiwa koponi mwezi wa sita. Nikamwonyesha. Akasema hiyo ni namba ya kiwanda.

Nilikuwa nimeshasimama. Shemeji, ambaye ana moyo wa kondoo, akasema tujaribu ile ya bomba, pipa limefunguliwa siku hiyo. Na hapa ndipo panaponiuma, maana ilikuwa nzuri. Niseme kweli, ilikuwa nzuri sana. Njano nzito, ukiweka kidole nyuma ya glasi hukioni. Povu jeupe, harufu ya embe dodo na ganda la chungwa, na ulimini laini kama uji uliochujwa vizuri. Uchungu ulikuja kwa mbali tu, kama mtu anayebisha hodi asiingie. Nikanyamaza, mimi nisiyenyamaza. Shemeji akaniambia kwamba Vermont, jimbo la kwao Marekani aina hii ilikoanzia, watu walikuwa wakisafiri kwa gari kufuata makopo ya bia moja ya namna hii, Heady Topper. Nikamwelewa. Nikaagiza ya pili, na nilikuwa tayari kumsamehe hata yule wa kaunta.

Bili ikaja na lile kopo limo. Pamoja na barafu, kwa mstari wake.

Nililipa. Kopo nikalibeba, yule bwana akinitazama kama nimeiba kijiko.

Basi nyota ngapi? Bia ya bomba naipa nne na nusu, kopo sifuri. Kijana simlaumu, hakufundishwa. Yule mwingine alijua, sura yake ilisema hivyo nilipoligeuza kopo. Niliapa sirudi. Lakini shemeji anaondoka wiki ijayo na ameomba tuonje ile ya bomba mara moja tena, na mgeni huwezi kumnyima. Nitavaa kandambili zilezile.

Jioni iliyofuata nilimpeleka Mtwapa, mangweni. Hatujakaa sawasawa, mama akauliza, "Niwape wa leo ama wa jana?"

Shemeji akacheka hadi akakohoa.