Aprili yetu iliyofikishwa Novemba: uzoefu wangu wa kuchora bei za hisa kwenye kompyuta

Hasira hii nimekaa nayo siku kadhaa nikingoja ipoe. Haikupoa, basi naandika maoni haya, na nyota zake, juu ya chati ya hisa iliyomo kwenye programu ya majedwali.

Mimi ni mweka hazina wa chama chetu cha akina mama. Wengi wetu tunauza leso na vitambaa Biashara Street hapa Mombasa, wachache wana vibanda soko la Kongowea. Tuna hisa zetu kidogo Soko la Hisa la Nairobi. Waliotutangulia walianza na za Safaricom zilipouzwa kwa umma mwaka 2008, shilingi 5 hisa moja. Kila mwezi ni juu yangu kuwaonyesha wenzangu mali yao imekwendaje. Kuwaonyesha, si kuwasomea. Kuna watu wazima mle ndani ambao ukiwasomea bei ishirini mfululizo watakutazama kwa adabu tu hadi umalize, na pesa ni zao.

Ndipo nikaambiwa kwamba programu ya majedwali iliyomo kwenye laptopu yangu ina chati yake maalumu ya hisa. Kila siku ya soko inapata mstari mmoja wa wima: ncha ya juu ni bei ya juu ya siku ile, ncha ya chini ni bei ya chini, na kisanduku katikati ya mstari kinaanzia bei ya kufungulia hadi bei ya kufungia, rangi yake ikionyesha kama siku ilipanda au ilishuka. Nilipoona mfano wake nilisema hii ndiyo. Wakala wetu wa hisa akanitumia faili la bei za Aprili. Chati inazitaka safu kwa utaratibu wake, nikazipanga, si kazi. Nikachukua siku tisa za kwanza nijaribu.

Ilichotoa sitakisahau. Siku tisa za Aprili zimetawanywa mwaka mzima! Kijistari kimoja Januari, kingine Februari, kingine Machi, katikati jangwa tupu, mpaka Novemba. Novemba ambayo hata haijafika.

Nilikaa nayo usiku kucha, na ninasema usiku kucha kwa maana yake hasa, maana adhana ya alfajiri ilinikuta mezani. Chati haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye tarehe. Wakala ameandika kama tunavyoandika sote tangu darasa la kwanza, siku kwanza kisha mwezi. Programu imezisoma kwa Kimarekani, mwezi kwanza. Kwa hiyo tarehe 1 mwezi wa 4 imegeuka tarehe 4 mwezi wa 1, tarehe 2 imekuwa tarehe 4 Februari, na tarehe 11 imetupwa tarehe 4 Novemba. Tarehe 4 mwezi wa 4 peke yake ndiyo iliyobaki mahali pake. Kuanzia tarehe 14 kwenda mbele imeshindwa, kwa sababu hakuna mwezi wa 14, basi ikaziacha kama maandishi tu. Ukitazama safu utaona: zilizogeuzwa zimelalia kulia, zilizoachwa zimelalia kushoto. Hiyo ndiyo dalili pekee unayopewa.

Hapa ndipo ninapokasirika. Ingezikataa zote ningejua kuna jambo. Ingeuliza, "huu ni mwezi au ni siku?" ningejibu. Haikuuliza. Imegeuza nusu, imeacha nusu, na imenyamaza kimya. Mtu mwenye haraka angechapisha karatasi zile akazipeleka mkutanoni, na mimi nimeshika amana ya watu.

Asubuhi nikaibeba laptopu hadi duka moja la kompyuta mjini. Kijana hakuinua macho kwenye simu yake. Nikamweleza, akasema, "Mama, kompyuta haikosei. Wewe ndiye huandiki tarehe vizuri. Weka mwezi mbele." Nikamwambia, "Mwanangu, hapa ni Mombasa." Akacheka, akaniomba shilingi 200 za kuniangalilia. Sikumlipa. Niliondoka mikono ikinitetemeka, na duka lile sitalikanyaga tena.

Aliyeniokoa ni mpwa wangu, mtoto wa sekondari. Akagundua kwamba laptopu ni ya mtumba, iliyoshuka bandarini na mipangilio ya Marekani, na mtu aliyeniuzia hakunitamkia hata neno moja. Akaibadilisha nchi kuwa Kenya. Nikafikiri tumemaliza. Wapi! Faili langu halikurudi, kwa sababu ndani ya programu tarehe haikai kama tarehe, ni hesabu ya siku tangu kuanza kwa mwaka 1900, na ikishahesabu imekwisha. Ilibidi tulifungue upya faili la wakala tangu mwanzo, na programu ilipouliza safu ya kwanza ni ya nini, tuchague siku, mwezi, mwaka.

Na sasa lazima niwe mkweli, ingawa hasira haitaki. Chati ilipotoka sawa, ilikuwa nzuri sana. Tulipunguza tu kipimo cha pembeni kisianze sifuri, maana hisa inayocheza senti 20 kwa siku inaonekana kama vumbi. Nikaichapisha, nikaenda nayo mkutanoni Jumapili baada ya Alasiri. Bibi mmoja wetu, mjane wa mvuvi, hajui kusoma bei, akaichukua karatasi akaisogeza dirishani. Akaweka kidole kwenye mstari mrefu. "Hapa maji yalijaa mpaka hapa, yakapwa mpaka hapa. Hii siku ilikuwa bamvua." Akapita kwenye mistari mifupi. "Hizi maji mafu." Kwetu pwani bamvua ni maji makubwa, maji mafu ni yale madogo. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza katika miaka yote ya kusoma tarakimu: kwa nini siku ile ya bamvua ilianza juu ikamalizia chini? Tulizungumza saa nzima juu ya mstari mmoja. Machozi yalinilengalenga, wallahi.

Kwa hiyo nyota moja niliyokuwa nimeandika niliifuta, nikaweka nne. Chombo kinachomfanya bibi yule aulize mali yake imekwendaje si chombo cha kutukanwa.

Kisha leo, niko kwenye feri ya Likoni, katibu wetu akanipigia. Wakala amemtumia faili la Mei, amelifungua kwenye kompyuta yake mwenyewe.

"Mweka hazina, hizi bei za tarehe 5 Juni wamezipata wapi?"

Ni za tarehe 6 Mei. Nimerudisha nyota mbili.