Kidude cha Bluetooth cha elfu 28 kwenye redio ya mzee, nimekitumia miezi minne

Kwa mzee hapa Isevya, Tabora, kuna redio kubwa ya Kijapani ya miaka ya tisini, ile ya ghorofa, juu CD, katikati amplifaya, chini kaseti mbili, na spika mbili za mbao kila moja inakufika kiunoni ukikaa kwenye mkeka. Aliinunua enzi yuko reli na mpaka leo hakuna mtu anaruhusiwa kuweka kikombe juu yake. Shida ni kwamba kaseti zimeshakufa, mikanda ya mpira ya ndani imelegea basi wimbo unavutika kama mtu anaimba huku anasinzia, CD nayo inasoma siku ikijisikia, kwa hiyo kilichobaki kinachofanya kazi ni FM tu. Lakini spika nzima kabisa na amplifaya haijawahi kufunguliwa hata siku moja. Kila anayekuja likizo anasema mzee tuuze hii tukununulie sabufa, na yeye jibu lake ni moja, mkiiuza niuzeni na mimi.

Mi nikataka ipige nyimbo za kwenye simu, nikaanza kwa fundi. Kuna mmoja upande wa stesheni akaniambia lete dada, natoboa hapo kwenye mlango wa kaseti naweka bodi ya MP3, ile yenye vitaa na tundu la flashi na memori kadi na Bluetooth humohumo, elfu 40 pamoja na ufundi. Hizo bodi nimeziona vibandani kwa wauza chipsi zinapiga mzigo vizuri tu, sikatai, ila kutoboa redio ya mzee ni kujitafutia laana. Afu bodi yenyewe inataka umeme mdogo, volti 5 au 12 kutegemea na aina, na huo fundi inabidi auchukue humohumo ndani ya redio, akiukosea ama redio inavuma ama kitu kinaungua. Nikamwambia asante kaka, ngoja nikajipange.

Nikajipanga vibaya. Nilinunua kale kadogo kama flashi, elfu 7, kale watu wanakoweka kwenye magari, unachomeka kwenye chaja ya simu halafu waya mwembamba wa oksi unaenda kwenye redio. Kanashika simu fasta sana. Ila jamani ule mvumo! Wimbo ukiwa juu husikii, ukishuka tu unasikia mmmmmm, na katikati kama kuna mdudu anatafuna karatasi, na ukigusa simu ndo kanalia zaidi. Nikakaona kabovu nikampa mdogo wangu.

Ndo nikaenda duka moja la vifaa vya simu mjini, karibu na soko, kijana wa pale akanisikiliza mpaka mwisho (hili ni la kumshukuru maana wengi wanakukatisha wakuuzie sabufa) akaniuliza redio nyuma ina matundu ya rangi? Nikasema yapo, mekundu na meupe. Akatoa kidude cheusi cha mraba, kidogo tu, kama viberiti viwili vya kawaida hivi, Bluetooth 5.0, hakina betri, kinakula umeme wa chaja ya simu, na nyuma kina matundu mawili mekundu na meupe. Elfu 28 baada ya kuombana. Waya sikununua, nilitumia zile waya za deki ya DVD zilizokuwa zinazagaa kabatini, ule wa njano unauacha unaning'inia maana ni wa picha.

Sasa sikilizeni hapa maana hapa ndo nilijiaibisha. Nyuma ya redio kuna matundu kama jozi nne hivi, na jozi moja imeandikwa PHONO. Mimi nikasoma PHONO nikajua hii ni ya simu, si ndo hii hii! Nikachomeka, nikawasha, sauti ikatoka imepasukapasuka, besi inaunguruma kama lori limekwama mchangani, mama akatoka jikoni na mwiko. Kumbe tundu lile ni la santuri. Sindano ya santuri inatoa umeme mdogo mno, kwa hiyo redio inaukuza mara nyingi sana na kuiongeza besi makusudi, sasa ukiiletea kitu ambacho tayari kina nguvu inazidiwa. Unatakiwa uchomeke AUX (ndo hiyo oksi, tundu la kuingizia sauti ya kifaa kingine), au kama AUX haipo basi CD au TAPE iliyoandikwa IN (siyo OUT, OUT utakaa kimya mpaka kesho), halafu mbele kwenye redio unachagua hilo hilo jina.

Nilipohamisha tu, weee. Mzee alikuwa kibarazani, nikaweka nyimbo za Tabora Jazz halafu Kiko Kids, bendi za hapahapa kwetu, akaingia taratibu akakaa bila kusema kitu, nyimbo tatu zimepita ndo anauliza kaseti nimetengeneza kwa nani.

Mvumo? Mwanzoni ulikuwepo kidogo, nisidanganye. Nikampigia yule kijana wa duka akasema dada jaribu kukiwasha kwa pawabenki badala ya chaja. Nikajaribu, kimya kabisa. Maana yake uchafu ulikuwa unatoka kwenye chaja, kidude hakina kosa. Chaja za bei chee zinavujisha takataka za umeme, na kwa kuwa redio na chaja vyote vinakula soketi moja ule uchafu unapita kwenye waya wa sauti unaingia kwenye amplifaya. Nikachukua chaja iliyokuja na simu yangu, mvumo umeisha. Na nikawaza kale ka elfu 7 masikini labda nilikaonea bure, ila mdogo wangu keshakapoteza.

Sauti yenyewe, kwa masikio yangu, nzuri kuliko nilivyotegemea. Najua Bluetooth inabana muziki kabla ya kuutuma, na njia za kubana zina majina yake, kila kifaa kina SBC, iPhone zinatumia AAC, vingine vina aptX ambayo simu yako nayo lazima iwe nayo ndo ifanye kazi. Lakini jamani kinachoharibu muziki kwetu ni yale mafaili yametumwa WhatsApp mara kumi, kwenye spika za simu hayajulikani ila kwenye spika za mzee yanaumbuka vibaya. Tafuta faili la maana kwanza. Na sauti ya simu weka karibu na mwisho, punguza kwenye kitasa cha redio.

Umbali wanasema mita 10, na sebuleni hata haikati. Nikitoka mpaka chini ya mwembe uani, ukuta wa tofali za kuchoma katikati, inaanza kukatakata. Muvi kwenye simu usijaribu, mdomo unatangulia maneno yanafuata nyuma. Na zima milio ya meseji, siku moja muamala umeingia mlio ukatoka kwenye spika zote mbili, jirani akaja kukopa, sitanii.

Kinachoniudhi hasa ni kimoja: hakina namba ya siri. Simu yangu ikitoka nyumbani kinabaki wazi, yeyote aliye karibu anaingia. Mtoto wa jirani kashagundua, saa tatu usiku wazee wamekaa wanaomba dua, redio imeachwa inawaka kwenye AUX, mara singeli hiyo, mama karibu aite shehe. Sa hivi muziki ukiisha wanachomoa chaja ukutani. Kwa hilo nakipa nne kwenye tano, ingekuwa na namba ningempa yule kijana wa duka na soda juu.

Mzee mwenyewe kuunganisha bado hajui, ananisubiri mimi. Juzi akaniuliza kile kidude kinaweza kushika mpira unaotangazwa redioni, nikamwambia baba si redio ina FM yake? Akaitazama kidogo. Akasema aah, kweli.