Tathmini ya Kozi ya Utangulizi wa Historia ya Tamthilia na Kazi za Jukwaa

Kwa muda wa wiki 15 nilihudhuria kozi ya utangulizi wa sanaa za maonyesho inayotolewa kwa wanafunzi wa chuo ambao hawajawahi kupanda jukwaani wala kushika nyundo, na kwa kuwa nimeulizwa mara nyingi kama inafaa kuichagua, naona ni vyema niieleze kwa kirefu. Kozi hii inaunganisha mambo mawili ambayo mara nyingi hufundishwa mbalimbali: historia ya tamthilia, inayosomwa darasani asubuhi, na kazi za jukwaa, yaani useremala, upakaji rangi wa mandhari, ushonaji wa maleba, utegaji wa taa na usimamizi wa onyesho, zinazofanyika karakana alasiri ya siku hiyo hiyo. Thamani yake yote imo katika mshono huo. Pale mshono ulipokaza nilijifunza kuliko nilivyopata kujifunza katika darasa lolote, na pale ulipofumuka tulibaki na tarehe upande mmoja na vitufe vya mashine upande wa pili.

Wiki ya pili ilitosha kunishawishi. Asubuhi tulisoma habari za ukumbi wa Dionysus chini ya kilima cha Acropolis, Athens, na jinsi Aristotle anavyoeleza kwamba mtunzi wa tanzia Aeschylus ndiye aliyeongeza mwigizaji wa pili na mwenzake Sophocles akaongeza wa tatu. Tukasoma pia kwamba katika tanzia za Wagiriki mauaji kwa kawaida hutokea ndani ya nyumba, mbali na macho ya hadhira, kisha maiti huletwa nje juu ya jukwaa dogo la magurudumu waliloliita ekkyklema. Alasiri tukaliunda. Tulikata mbao, tukafunga magurudumu manne, tukamlaza mwenzetu mmoja juu yake akiwa amefunikwa shuka, halafu tukamsukuma kupitia mlangoni. Gurudumu la mbele likanasa kwenye ufa wa sakafu, jukwaa likatikisika, na mkono wa mwenzetu ukachomoza kutoka chini ya shuka ukaning'inia. Karakana nzima ikanyamaza. Mkono ule haukupangwa na mtu yeyote, lakini ulituonyesha nguvu ya kuletewa jambo ambalo limekwisha kutendeka na haliwezi kurudishwa nyuma. Hoja hiyo nilikuwa nimeisoma asubuhi ile ile, tena nikaipigia mstari, bila kuielewa.

Mafunzo ya mandhari yaliendeshwa kwa namna hiyo hiyo, na kwangu hayo ndiyo kilele cha muhula. Tulifundishwa kutengeneza paneli: fremu ya mbao nyepesi inayowambwa kitambaa cha pamba. Kitambaa hupigiliwa kuanzia katikati ya kila upande kuelekea pembeni, kwa sababu anayeanzia pembeni hupata mikunjo isiyonyooka tena. Gundi hupakwa ukingoni tu. Na rangi ya kwanza yenye majimaji inapokauka, kitambaa hukaza kama ngozi ya ngoma na kuivuta fremu yote. Kundi letu lilifunga pembe za fremu kwa haraka, na asubuhi iliyofuata tukaikuta imepinda kama upinde. Tuliifumua na kuanza upya, na mwalimu hakutusaidia hata kwa neno moja, jambo ninalomshukuru.

Juu ya paneli hizo tulichora barabara inayosinyaa kuelekea upeoni, kwa kufuata kanuni za Sebastiano Serlio, msanifu wa Italia aliyechapisha maelezo yake kuhusu majukwaa mwaka 1545. Kisha kila mmoja akaambiwa akae kwenye viti tofauti vya ukumbi. Kutoka kiti cha katikati, barabara ilionekana ndefu na ya kweli. Kutoka pembeni, nyumba zililala upande na mistari ikakatika. Katika kumbi za makasri ya Ulaya, kiti hicho cha katikati kilikuwa cha mtawala, na mandhari yote ilichorwa kwa ajili ya jicho lake. Somo hilo kuhusu siasa ya ukumbi lilichukua dakika 10 na ndoo mbili za rangi.

Wiki ya Globe nayo ilikuwa nzuri, ingawa fupi. Kwa kuwa ukumbi ule wa London uliojengwa mwaka 1599 haukuwa na paa juu ya uwanja wake, maonyesho yalifanyika mchana, na usiku ulipaswa kutengenezwa kwa maneno na kwa mwenge mkononi mwa mwigizaji. Tulitolewa nje saa nane mchana, tukacheza tukio la usiku kwa taa moja ya mkononi. Mwenzetu mmoja alianza kupapasa hewa taratibu kana kwamba hauoni ukuta, na sote tukaliona giza.

Kuanzia hapo hadi kwenye somo la taa, kozi ilishuka. Asubuhi tulipewa mhadhara mzuri sana: gesi ilianza kutumika katika kumbi za London mwaka 1817 na kumwezesha mtu mmoja kupunguza au kuongeza mwanga wa jukwaa zima akiwa mahali pamoja, ukumbi wa Savoy ukawashwa wote kwa umeme mwaka 1881, na mwanga huo mkali ukafichua kwamba miti na nguzo zilizochorwa kwenye kitambaa zilikuwa kitambaa tu, ndipo Adolphe Appia, msanifu wa jukwaa wa Uswisi, akadai majukwaa yenye ngazi na maumbo halisi ambayo mwanga unaweza kuyaviringa. Paneli zetu zilikuwa pale pale zimeegemezwa ukutani. Ingetosha kuisimamisha moja na kuielekezea taa kali, nasi tungeyaona kwa macho yetu aliyoyaona Appia. Badala yake, wanafunzi 22 tulizunguka meza moja ya kuendeshea taa, tukisubiri zamu ya kubonyeza vitufe, na wengi hawakuifikia zamu hiyo. Nililisema jambo hili kwenye fomu ya maoni na ninalirudia hapa, kwa sababu ni kasoro inayorekebishika bila gharama yoyote.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Asia na Afrika zilisukumwa kwa pamoja katika wiki ya 11. Kabuki, tamthilia ya jadi ya Japani, ilipewa nusu saa, ilhali jukwaa la kuzunguka la mtunzi wake Namiki Shozo lilitumika Osaka mwaka 1758, zaidi ya karne moja kabla ya Mjerumani Karl Lautenschläger kuweka lake Munich mwaka 1896. Hubert Ogunde, aliyeanzisha kundi lake la maigizo nchini Nigeria mwaka 1945 na kulizungusha mji hadi mji, alitajwa kwa sentensi moja. Kundi linalosafiri lina mengi ya kumfunza mtu wa jukwaani: mandhari lazima ikunjike, ipakiwe garini na isimame upya katika ukumbi usiopimwa. Hilo lingekuwa zoezi kamili la alasiri, na sioni sababu ya kulikosa.

Usalama, kinyume chake, ulifundishwa kwa uzito unaostahili. Tulisoma kisa cha ukumbi wa Iroquois, Chicago, ambao ulikuwa umefunguliwa Novemba 1903 na kuungua tarehe 30 Desemba mwaka huo huo, wakati wa onyesho la mchana lililojaa watoto. Taa ya jukwaani iliwasha pazia, pazia la kuzuia moto likakwama kabla ya kufika chini, milango kadhaa ilikuwa imefungwa, na watu wapatao 600 wakafa. Baada ya hapo taa zikazimwa na kila mmoja wetu akatakiwa atoke kitini hadi mlangoni kwa kupapasa, akihesabu hatua. Mimi nilihesabu 31, na tangu siku hiyo siingii ukumbini bila kutazama mlango ulipo.

Wiki tatu za mwisho ni za onyesho fupi la darasa. Nilipewa usimamizi wa jukwaa, kazi ambayo sikuwa nikijua kwamba ipo. Msimamizi hushika daftari lenye matini yote, na pembeni mwake huandika kwa penseli kila badiliko la taa, sauti na mandhari, likiwa na namba yake. Kwa penseli, kwa sababu kila zoezi huleta mabadiliko. Husema, «Tayari, taa 14,» kisha hungoja pumzi ya mwigizaji, kisha, «Taa 14, sasa.» Mwendesha taa hagusi kitu kabla ya kulisikia neno hilo la mwisho, na kwa hiyo mezani pale halitamkwi ovyo hata katika mazungumzo ya kawaida.

Kuhusu alama, asilimia 40 hutokana na mtihani unaopenda mno miaka na majina, na zilizobaki hutokana na kazi za karakana na shajara ya onyesho. Ningependa shajara ipewe uzito mkubwa zaidi, kwa kuwa humo ndimo mwanafunzi anapoeleza kwa nini fremu yake ilipinda. Anayekusudia kujiandikisha ahakikishe kwamba jioni zake za wiki tatu za mwisho hazina darasa lingine, kwani mazoezi ya kiufundi hupita saa nne usiku, na aje karakana na viatu vilivyofunika vidole.