Betri ya haibridi niliyoibadilisha na ya umeme ninayoendelea nayo: uzoefu wangu

Nyumbani kwetu kuna magari mawili yenye betri kubwa, na yote mawili yalinunuliwa yakiwa yametumika: moja ni haibridi ya kawaida, yaani gari lenye injini ya mafuta na mota ya umeme, isiyochajiwa kwenye soketi, na jingine ni gari dogo la umeme mtupu. La kwanza limebadilishwa betri nikiwa nalo. La pili bado linatembelea betri liliyotoka nayo kiwandani, ingawa uwezo wake umepungua. Karibu kila mtu anayefikiria kununua gari la namna hii huniuliza betri ikifa itakuwaje, na majibu anayoyapata kwingine yamegawanyika mno, wauzaji wakisema betri haifi na baadhi ya mafundi wakisema betri ikifa gari ndiyo basi tena. Kwa niliyoyaona, betri hizi hudumu kuliko wengi wanavyodhani, lakini gharama ya kuzibadilisha inategemea sana ubora wa vipimo atakavyofanya fundi na aina ya betri atakayokuuzia.

Nianze na haibridi. Betri yake ni ya nikeli, ya jamii ile ile iliyotumika kwenye Toyota Prius tangu gari hilo lilipoingia sokoni nchini Japani mwaka 1997. Anayedhani betri ya haibridi ni kitu kimoja kizima atashangaa siku akiiona imefunguliwa. Kwenye Prius ya kizazi cha pili na cha tatu, kwa mfano, pakiti, yaani betri nzima, ina vipande 28 viitwavyo moduli, vilivyopangwa ubavu kwa ubavu, kila moduli ina seli sita za volti 1.2, na zote zimeunganishwa kwa mfuatano hadi kufikia volti 201.6. Umeme unaohifadhiwa humo ni kama kilowati-saa 1.3 tu, kiasi kidogo sana ukilinganisha na gari la umeme, na kompyuta ya gari haiiachi betri ijae kabisa wala iishe kabisa, bali huiweka kati ya asilimia 40 na 80 hivi. Kubanwa huko ndani ya mipaka ndiko kunakozifanya nyingi zivuke miaka kumi zikiwa bado kazini.

Dalili za kwanza kwenye gari langu zilitangulia taa ya onyo kwa muda mrefu. Feni ya kupoza betri, iliyo karibu na kiti cha nyuma, ilianza kuvuma kwa nguvu hata kwenye safari fupi. Kipimo cha betri kwenye dashibodi kikawa kinarukaruka, kikijaa upesi kwenye mteremko na kushuka ghafla kwenye kilima, na injini ikawa inawaka kila mara gari likiwa limesimama kwenye foleni, jambo lililopandisha matumizi ya mafuta. Kisha pembetatu nyekundu ikawaka, na mashine ya kusomea hitilafu ikatoa kodi (namba ya hitilafu) P0A80, ambayo kwa maana yake rasmi inaelekeza kubadilisha pakiti ya betri ya haibridi.

Hapo ndipo huduma za gereji zinapotofautiana. Fundi wa kwanza alipiga mashine, akasoma kodi, akanitajia bei ya betri nzima na kazi yake, na mazungumzo yakaishia hapo. Wa pili alifanya jambo ambalo sasa nalitaka kwa kila fundi: alikaa nami garini tukitembea, huku akitazama volti za kila jozi ya moduli kwenye skrini. Gari likiwa limesimama, jozi zote zilisoma karibu sawa. Nilipokanyaga mafuta kupanda kilima, jozi moja ya katikati iliporomoka zaidi ya volti moja chini ya wenzake, na nilipokanyaga breki, betri ikipokea umeme, jozi hiyo hiyo ikapaa juu ya zote. Tofauti ya volti moja na kitu inakaribia sana volti za seli moja, na mwendo ule wa kuanguka na kupaa kupita kiasi ndio alama ya seli iliyochoka, yenye ukinzani mkubwa ndani yake. Kipimo kilichofanywa gari likiwa limezimwa kisingeonyesha chochote.

Haikunishangaza kwamba jozi mbovu ilikuwa katikati. Moduli za pembeni hupoza upande mmoja wa ukuta wao. Za katikati zimebanwa na wenzake kila upande, na hewa ikipungua ndizo zinazoteseka kwanza. Pakiti ilipofunguliwa, feni ilikuwa na utando mzito wa vumbi na nyuzi za kitambaa cha viti ulioshikana kwenye mapanga yake kiasi kwamba nafasi kati ya panga na panga ilikuwa imekaribia kuziba. Vipande vya shaba vinavyounganisha moduli navyo vilikuwa vimepata kutu ya kijani kwenye matundu ya nati, na kila muungano wenye kutu ni mahali pengine pa joto na pa vipimo vya uongo. Kusafisha feni ni kazi ndogo ambayo haiihusu seli hata moja, na kwa maoni yangu kila anayemiliki haibridi iliyotumika angeifanya kabla ya kuuliza bei ya betri. Kuifungua pakiti yenyewe ni jambo lingine kabisa. Volti 200 za mkondo mnyofu zinaua, na fundi asiyetoa plagi ya usalama, asiyengoja dakika kumi umeme uliobaki kwenye inveta, kifaa kinachoubadili umeme wa betri kwa ajili ya mota, uishe, na asiyevaa glavu za mpira za volti kubwa, hafai kuguswa na pesa ya mtu.

Kuhusu matengenezo, niliwekewa mezani njia tatu, na nimezionja au kuzichunguza zote. Ya bei ndogo kabisa ni kutoa moduli mbovu na kuweka nyingine iliyotolewa kwenye betri ya gari jingine. Nilianza na hiyo kwa makusudi, ili kujipa nafasi ya kutafuta fedha, na gari lilirudi kutembea vizuri kwa miezi kadhaa kabla taa haijawaka tena, safari hii kwa sababu ya jozi tofauti. Sababu inaeleweka: moduli zote zinapitisha mkondo ule ule, kwa hiyo ile yenye uwezo mdogo kuliko wenzake huisha kwanza na kujaa kwanza kila mara, na kumwondoa mgonjwa mmoja hakuwafanyi wenzake waliozaliwa naye siku moja kuwa vijana. Fundi mwaminifu atakwambia hivyo mapema, na atakupangia moduli zinazolingana uwezo badala ya kuchomeka yoyote iliyopo rafuni.

Njia ya pili ni betri iliyokarabatiwa, na hapa ndipo ninapokuwa mkali. Inauzwa kama betri karibu mpya, ina stika mpya na kisanduku kilichosafishwa, lakini nyingi nilizoonyeshwa zilikuwa mkusanyiko wa moduli kuukuu kutoka pakiti mbalimbali, zilizochajiwa na kutolewa chaji mara chache ili zipate nguvu ya muda. Niliomba karatasi ya vipimo inayoonyesha uwezo wa kila moduli, na muuzaji mmoja alinijibu kwamba dhamana yake inatosha. Dhamana ilikuwa ya miezi michache, na haikuhusu gharama ya kushusha na kupandisha betri. Ukigawa bei hiyo kwa muda unaoweza kuitegemea, ni ghali kuliko betri mpya, ingawa siku ya kulipa inaonekana nafuu kwa zaidi ya nusu. Namwelewa anayeichukua kwa gari analotaka kuliuza karibuni. Namwonea huruma atakayelinunua.

Nilichagua njia ya tatu, pakiti yenye moduli mpya kabisa, zote za toleo moja, pamoja na vipande vipya vya kuunganishia vilivyopakwa nikeli. Iliniuma kulipa, sitaficha. Hata hivyo, tangu ifungwe feni imenyamaza, kipimo kimetulia, matumizi ya mafuta yamerudi yalipokuwa, na jozi zote zinatembea pamoja kwenye kilima kile kile. Kwa anayenunua gari jipya hali ni tofauti, kwa kuwa watengenezaji wamekuwa wakirefusha dhamana: nchini Marekani, Toyota iliipandisha dhamana ya betri za haibridi hadi miaka 10 au maili 150,000 kuanzia magari ya modeli ya mwaka 2020, jambo ambalo kampuni isingelifanya kama betri hizo zingekuwa zinarudi kwa wingi.

Kabla sijaiacha haibridi, kuna betri ndogo ya volti 12 ambayo watu huisahau. Ndiyo inayoamsha kompyuta na kuwasha swichi zinazoiunganisha betri kubwa na gari, na ikichoka, dashibodi inaweza kuwaka taa nyingi kwa mpigo na gari likakataa kabisa kuwaka. Nimesikia zaidi ya mtu mmoja akitajiwa bei ya betri kubwa katika hali hiyo. Pimisha ndogo kwanza.

Gari la umeme lina tabia nyingine. Betri yake ya lithiamu haikuharibika. Inapungua polepole, na kinachobadilika ni umbali ninaoweza kwenda kabla ya kuchaji. Niliponunua, nilikuja na kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya uchunguzi pamoja na programu ya simu inayosoma afya ya betri na volti ya kila jozi ya seli, na muuzaji alikubali kushusha bei baada ya kuona namba. Jambo lililonifanya niwe mwangalifu ni historia ya Nissan Leaf, iliyoanza kuuzwa Desemba 2010 ikiwa na pakiti ya kilowati-saa 24 isiyo na mfumo wa kupoza kwa kimiminika. Mwaka 2012 wamiliki wa Arizona, jimbo lenye joto kali, walilalamika kwamba vijiti vya uwezo kwenye dashibodi vinapotea mapema mno, na baadaye Nissan ikaweka dhamana ya uwezo: betri ikishuka chini ya vijiti 9 kati ya 12 ndani ya miaka mitano au maili 60,000, ingeshughulikiwa. Ni vyema kujua kwamba kijiti cha kwanza hakipotei mpaka uwezo ushuke hadi asilimia 85 hivi, kwa hiyo gari lenye vijiti vyote 12 linaweza tayari kuwa limepoteza sehemu ya maana.

Joto na kukaa muda mrefu betri ikiwa imejaa ndivyo vinavyoizeesha lithiamu hata gari lisipotembea. Mimi huchaji hadi asilimia 80 kwa matumizi ya kila siku, hujaza kabisa nikiwa naondoka safari muda si mrefu, na hupaki kivulini. Chaja ya kasi naitumia njiani tu. Magari yenye betri za lithiamu za aina ya chuma na fosfeti ni kesi tofauti: hizo huvumilia zaidi, na Tesla, kwa mfano, hushauri zijazwe hadi asilimia 100 angalau mara moja kwa wiki ili kompyuta isome kiwango kwa usahihi. Kwa hiyo ushauri wa asilimia 80 usichukuliwe kama sheria ya magari yote.

Kasoro za kiwandani nazo zitenganishwe na uchakavu. Mwaka 2021 kampuni ya General Motors iliyaita yarudishwe magari yote ya umeme ya Chevrolet Bolt yaliyokuwa yameshauzwa kwa sababu ya seli zilizoweza kushika moto, na gharama ya kubadilisha betri haikuwa ya wamiliki. Matokeo yake ni kwamba Bolt iliyotumika inaweza kuwa na betri changa kuliko gari lenyewe, na karatasi za kazi hiyo zina thamani kubwa kwa mnunuzi.

Kuhusu gharama ya kubadilisha pakiti nzima ya umeme, takwimu zinazotajwa sana huchanganya mambo mawili. Kwa hesabu za BloombergNEF, kampuni ya utafiti wa nishati, wastani wa bei ya pakiti ya lithiamu ulishuka kutoka zaidi ya dola 1,000 kwa kilowati-saa mwaka 2010 hadi dola 115 mwaka 2024. Kwa pakiti ya kilowati-saa 40 hiyo ni kama dola 4,600, lakini ni bei ya anayenunua kwa wingi kiwandani. Mwenye gari moja analipia pia usafirishaji, faida ya muuzaji, kazi ya kushusha na kupandisha, na kuioanisha betri na kompyuta ya gari, na bei niliyotajiwa mimi ilikuwa mbali sana na hesabu hiyo. Nilipouliza kuhusu kubadilisha moduli dhaifu peke yake, ni gereji chache tu zilizokuwa tayari, ingawa kwa pakiti zilizofungwa kwa boliti, ambazo moduli zake hutoka moja moja, kazi hiyo inawezekana.

Mara nyingi bei hizo hazitaji thamani ya betri inayotolewa. Nissan ilipotangaza nchini Marekani mwaka 2014 pakiti mpya ya Leaf kwa dola 5,499, bei hiyo ilikuwa imeshatoa dola 1,000 kwa sharti la kurudisha ya zamani, na tangu mwaka 2018 kiwanda cha 4R Energy, kampuni mshirika wa Nissan, mjini Namie, Japani, kinazikarabati pakiti hizo na kuzipangia kazi nyingine. Pakiti iliyobaki na asilimia 60 ya uwezo haimfai anayesafiri mbali, lakini inahifadhi umeme wa paneli za jua vizuri tu. Kwa sababu hiyo, kila ninapoomba bei ya kubadilisha betri ya gari la umeme, nadai mstari wa betri ya zamani uandikwe humo humo, na wengi wa niliowaomba hawakuwa na mpango wa kuuandika mpaka nilipouliza.